Nimemaliza kozi ya siku 30 ya kupunguza vitu nyumbani, haya ndo maoni yangu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: 3 kati ya 5. Ingekuwa 4 ila kuna kitu walinifanyia mwishoni nitakieleza, na ingekuwa 2 kama sio somo la siku ya 8. Jina la kozi silitaji, ziko nyingi na zinafanana kama mapacha, unalipia kwenye simu, kila asubuhi inakuja video ya dakika kumi, mwalimu kakaa kwenye chumba cheupe chenye kiti kimoja na ua moja, anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto alale, afu mwishoni anakupa kazi ya siku hiyo.

Sababu ya kujiunga ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho. Kilitakiwa shule kesho yake asubuhi, nimetoa kila kitu kabatini, nimetoa vya uvunguni, saa sita usiku nimekaa katikati ya rundo machozi yananitoka, cheti nikaja kukikuta ndani ya boksi la pasi. Boksi tupu. Pasi yenyewe ilishakufa zamani, boksi ndo tulilitunza, na ukiniuliza kwa nini mi sina jibu, lilikuwa boksi zuri tu. Baba watoto akasema hii nyumba sasa inatushinda. Usiku huohuo simu ikaniletea tangazo la kozi, hizi simu zinatusikiliza jamani, nikalipia hata masharti sijasoma. Hilo la masharti likumbukeni.

Basi kozi inajiita ya minimalizimu, yaani kuishi na vitu vichache, na "kuishi kwa makusudi". Mama yangu nilipomwambia najifunza kuishi kwa makusudi akaniuliza, makusudi ya kumkomoa nani? Na kweli kwa Kiswahili ukisikia mtu kafanya kitu makusudi ujue kuna aliyekosewa. Nikamweleza maana yake ni kwamba kila kilichomo ndani kiwemo kwa sababu umeamua kiwemo, na muda wako vilevile, sio mambo yanaingia tu yanajazana mpaka unakosa pa kukanyaga. Kanisikiliza mpaka mwisho afu akasema, kwa hiyo unalipa ufundishwe kukosa vitu. Mama katulea na masufuria mawili, ningemjibu nini.

Ila swali lake lilinikaa kichwani siku zote 30, manake kuna kukosa na kuna kuacha, na kozi nzima haijagusa hiyo tofauti hata mara moja.

Chukua somo la kwanza. Ni historia, na mwalimu anampenda sana Henry David Thoreau, yule Mmarekani aliyeenda kuishi kwenye kibanda alichojijengea mwenyewe porini pembeni ya bwawa la Walden, kule Massachusetts. Alihamia tarehe 4 Julai 1845 akakaa miaka 2, miezi 2 na siku 2, ana kitanda, meza, viti vitatu na vikorokoro vichache vya kupikia. Mwalimu anavyosimulia unatamani uhame kesho. Asichosema ni kwamba eneo lile lilikuwa mali ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na Concord, mji wa kwao, ulikuwa kama nusu saa kwa miguu, alikuwa anakatiza huko kila baada ya siku moja au mbili kusikiliza umbea, wala hakuficha, kayaandika mwenyewe. Simlaumu hata kidogo. Nasema tu mtu mwenye rafiki wa kumpa eneo na wazazi wake wako nusu saa, huyo viti vitatu vinamtosha, maana cha nne kipo kwa mama.

Kazi zenyewe sasa. Kozi imebeba mzimamzima ule mchezo wa Joshua Fields Millburn na Ryan Nicodemus, wale Wamarekani wanaojiita The Minimalists: siku ya 1 unatoa kitu 1, siku ya 2 unatoa 2, siku ya 3 unatoa 3, hivyohivyo mpaka siku ya 30 unatoa 30. Ukiisikia unaona mchezo wa watoto. Piga hesabu basi, jumla yake ni vitu 465! Na ujanja wake uko hapa, siku 10 za mwanzo ni vitu 55 tu, unatembea kifua mbele unajiona mtaalamu, wakati siku 10 za mwisho peke yake ni vitu 255, zaidi ya nusu ya kazi yote imekusubiri huko mbele na wewe umeshachoka.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Kalamu zilizokauka, soksi zisizo na mwenzake, vifuniko vya vyombo ambavyo vyombo vyenyewe havipo, funguo ambazo hakuna anayejua ni za kufuli gani, nilizihesabu ziko 11 na sisi milango tunayo minne. Kufika siku ya 19 nilikuwa nahesabu vibanio vya nguo kimoja kimoja. Siku ya 23 mtoto wa kati kanikuta nimesimama katikati ya sebule nazungusha macho, akachukua begi lake taratibu akaenda kulificha. Kwa kifupi kozi inaamini kila nyumba ina vitu 465 visivyo na kazi. Yetu ilikuwa navyo kama 200, baada ya hapo nilikuwa natoa vitu tunavyotumia ili tu namba itimie, na huo ndo ujinga wa mchezo huu, unakufanya ushindane na namba badala ya kuangalia nyumba yako.

Hebu niwape habari ya mfuko wa mifuko. Najua unao, nyuma ya mlango wa jikoni au umebanwa pembeni ya kabati, ule mfuko mmoja mkubwa uliojaa mifuko mingine. Siku ya 6 mwalimu akasema hiyo ni takataka, beba tupa, usiangalie ndani. Mimi nikaangalia. Nikaumwaga chini, mifuko 43. Mmoja umefungwa fundo, nafungua nakuta vifungo vya shati, sindano mbili na uzi mweusi. Mmoja mgumu wa rangi ya bluu ndo ule wa kubebea nguo mtoto akilowa njiani. Mmoja una zipu, ulikuja na shuka enzi hizo, ndani kuna picha za harusi yetu ambazo mimi mwenyewe nilishaamini zimepotea kwenye kuhama. Ile ilikuwa stoo yenye sura ya uchafu! Mingi nilitoa, ilikuwa imepasuka, nikabakiza 12, na picha za harusi saa hizi ziko kwenye albamu. Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi nusu, na ile nusu nyingine kama ningemsikiliza ningezika harusi yangu.

Siku ya 8 ndo iliyonirudishia hela yangu. Siku hiyo hutoi chochote zaidi ya vile vinane, unachukua daftari unaorodhesha vitu vya aina moja moja vyote vya nyumba nzima unavikusanya sehemu moja unavihesabu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, mi nilidhani ni maneno ya wafanyabiashara. Mikasi tunayo mitano. Tepu za kupimia tatu, na hapa hakuna fundi cherehani wala seremala. Tochi nne, yenye betri hakuna. Chaja 14, zinazofanya kazi 6, hizo nyingine nane zilikuwa zinakaa tu kwenye droo zimesokotana kama nyoka wanaogombana. Nikakaa nikatafakari ile mikasi. Hatukuwahi kuamua kuwa watu wa mikasi mitano. Tulinunua wa pili kwa sababu wa kwanza haukuonekana, wa tatu kwa sababu hiyo miwili haikuonekana, hadi watano. Hela ya mikasi minne imeenda kwa sababu ya kutokuwa na mahali pa mkasi mmoja. Hapo ndo nilipoelewa kwa mtu wa kawaida hii habari inaanzia wapi, wala haina uhusiano na chumba cheupe na ua moja, ni kuacha kununua kitu ambacho tayari unacho. Sasa hivi kila aina ina mahali pake, vyeti vyote viko kwenye faili moja, cha kuzaliwa nakitoa ndani ya sekunde thelathini, nimejipima kwa saa ya simu.

Tungeishia siku ya 8 ningewapa nyota 5. Haya, siku ya 11 ikaja ile sheria ya 20/20. Nayo ni ya walewale jamaa wawili: kitu chochote unachokihifadhi kwa ajili ya "huenda nikakihitaji", kitoe, kwa sababu ukija kukihitaji kweli utakipata kingine kwa chini ya dola 20, ndani ya dakika 20 kutoka hapo ulipo. Mwalimu kaisema huku anatabasamu kama mtu aliyegundua moto.

Mimi niliirudia ile video mara tatu. Chini ya dola 20, sawa. Kutoka mfukoni mwa nani? Sheria hii inafanya kazi vizuri sana kwa mtu ambaye hela hiyo ikimtoka leo hataisikia, hataikumbuka hata wiki ijayo, na duka liko pale na lina kitu chenyewe na yeye ana huo muda wa kwenda. Huyo akiba yake iko benki, haina vumbi wala haichukui nafasi uvunguni, hakuna wa kuiita mrundikano. Sisi wengine akiba yetu ina umbo. Inaweza kuwa godoro la mgeni lililokunjwa, gunia la nguo za watoto, feni ya zamani inayozunguka ukiisukuma kwa kidole, bati lililobaki. Ukiingia kwa mtu wa kawaida ukaona uvungu umejaa usikimbilie kusema ana ugonjwa wa kushindwa kuachia vitu, yule anaangalia mbali, anajua kitakachoharibika kitaharibika siku ambayo hela haipo.

Kuna nyingine inafanana nayo, ya 90/90, unajiuliza kama kitu umekitumia siku 90 zilizopita na kama utakitumia siku 90 zijazo, vyote hapana basi nje. Mwavuli kiangazi ulishindwa huo mtihani. Gunia la nguo za kichanga likashindwa pia, na hilo gunia limelea watoto wangu watatu na wawili wa wifi yangu na sasa hivi mdogo wangu anatarajia. Vyote viwili nikavirudisha ndani kimyakimya.

Ila waya wa ekstensheni sikuurudisha, na hapo ndo nilipoumia. Tulikuwa nao wawili, mmoja mrefu wa soketi nne umechubuka kidogo pembeni lakini mzima, haujatumika miezi. Siku ya 11 nikiwa bado na moto wa lile somo nikampa jirani, akafurahi sana akaniombea dua ndefu. Mama nilipompa taarifa kwa simu akasema usiache mbachao kwa msala upitao, nikacheka. Siku ya 21 ule uliobaki ukatoa moshi. Usiku. Laptopu ya baba watoto ina kazi ya kutuma kabla ya asubuhi, soketi iliyo hai iko chumba kingine, hiyo dola 20 ya kutoka ghafla haipo, duka la kuuza waya saa hizo lishafungwa. Nikavaa kanga nikaenda kugonga kwa jirani kuazima waya ambao siku kumi zilizopita ulikuwa wangu. Nimesimama pale mlangoni sijui nianzeje, yeye kashaelewa, kaniangalia, kacheka, kaenda kuuchomoa kwenye friji yake. Na akasema, asubuhi uurudishe! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi niliazima nguo yangu mwenyewe.

Siku ya 14 kuna somo la kisayansi, ni zuri, nimelipenda, japo mwalimu kalivuta upande wake. Linahusu jaribio la Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walilolichapisha mwaka 1990, baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kahawa, wenzao hawakupewa, afu wakaulizwa bei. Waliopewa walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wasiokuwa navyo walikubali kulipa, kikombe ni kilekile. Kumbe kitu kikishaingia mkononi mwako kinapanda thamani kwa sababu tu ni chako. Mwalimu akahitimisha kwamba kung'ang'ania vitu ni macho yako yanakudanganya. Kwenye zile kalamu zilizokauka nakubali moja kwa moja. Kwenye waya nakataa, maana ukiutoa unapata dua na ukiutaka tena unaununua kwa bei ya dukani, hiyo pengo ni ya kweli kabisa wala macho hayahusiki.

Siku ya 17 nilicheka peke yangu. Somo linamhusu Denis Diderot, Mfaransa, aliandika mwaka 1769 jinsi alivyopata joho jipya zuri, akaona mezani na ukutani kote kunalitia aibu joho, akaanza kubadilisha kimoja kimoja mpaka akajuta lile joho lake kuukuu. Mwaka 1988 Grant McCracken, mwanaanthropolojia, akaipa hali hiyo jina la Diderot. Somo limeisha, video haijazima vizuri, tangazo: maboksi ya kupangia vitu, seti ya sita, rangi nyeupe, ofa kwa wanakozi tu! Na mimi kichwa maji nikaagiza. Yalipofika nikayapanga kwenye rafu yakapendeza mno, siku mbili baadaye baba watoto anaiangalia ile rafu anasema naona imechakaa, hailingani na maboksi. Nikamwambia huyo ni Diderot kaingia ndani, mfukuze.

Ile ya Marie Kondo, yule mama wa Kijapani anayefundisha kupanga nyumba, ya kushika kitu mkononi ujiulize kama kinakupa furaha nayo imo, siku ya 5 kama sikosei. Nilishika ndoo. Tuliangaliana na ndoo kwa muda. Kwenye nguo inasaidia kweli, nilitoa magauni manne niliyokuwa nayavaa kwa huzuni, lakini ndoo haina mpango wa kunifurahisha, ina kazi ya kubeba maji. Na niseme kitu kwa faida yake, mwaka 2023 alikiri mwenyewe kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu ule unadhifu kauachia kidogo. Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko kwenye mafundisho yake yote.

Wiki ya mwisho ni ya muda na simu, na hapo sina maneno mengi. Kuzima milio ya makundi kwenye simu, fanyeni leo, mi nilikuwa kwenye makundi 22, saa hizi yanayolia ni mawili na hakuna kilichoharibika duniani. Kuandika kitu unachotaka kununua kwenye karatasi na kukisubirisha siku 30, hiyo nayo nimeishika, karatasi iko kwenye mlango wa kabati, vitu vingi huwa vinajifia humohumo. Ile ya "ondoa watu wanaokumaliza nguvu" nilizima video katikati. Watu wanaonimaliza nguvu ndo hao wanaokuja na mimi nikizidiwa.

Sasa kile walichonifanyia. Siku ya 31 naamka nakuta nimekatwa hela ya mwezi wa pili. Kumbe kwenye yale masharti nisiyosoma kuna mstari unasema inajilipia yenyewe mpaka useme basi. Sawa, kosa langu nusu. Nikatafuta pa kusema basi. Unaingia mipangilio, akaunti, mpango wangu, msaada, inakuuliza una uhakika, unasema ndiyo, inakuonyesha picha ya mwalimu anasikitika, inakuuliza tena, afu inakwambia utume barua pepe. Nilituma tatu. Walijibu ya tatu, wakasitisha, hela hawakurudisha. Kwa siku 30 nimetoa mpaka vibanio vya nguo, na kilichonishinda kutoa ni kozi ya kutoa vitu.

Kwa anayefikiria kujiunga: kama vitu vyako vinakuzidi kwa sababu unanunua ukiwa na mawazo, au umejaza vyumba na huvikumbuki, chukua, utafaidika, ila weka alarmu siku ya 29 ujitoe mapema. Kama vinakuzidi kwa sababu chumba ni kidogo na maisha yanabadilika bila kutoa taarifa, hela yako kaa nayo, tafuta daftari fanya ile kazi ya siku ya 8 Jumamosi moja na watoto wakusaidie kuhesabu, wangu walipenda sana kuhesabu mikasi. Mchezo wa 465 achana nao. Na uvungu wako usiuonee aibu, upange tu ujue kuna nini.

Maboksi meupe bado tunayo, mazuri, moja lina chaja sita. Boksi la pasi hatimaye nilitoa, siku ya 30, ilibidi nifikishe namba. Ekstensheni bado hatujanunua nyingine, iko ya pili kwenye ile karatasi ya kabatini. Ikihitajika namtuma mtoto kwa jirani, na jirani kila akimpa anamuuliza, mama yako ana kozi nyingine lini?